Taa ya Gari la Ngusa na Safari ya Kumfuata Mbuke

Veronika alinikuta bombani akaniuliza safari ilikuwaje. Nikamsimulia mpaka ndoo yake ikajaa, akaondoka na nusu. Kesho yake Mama Sayi akaja kwangu na nusu hiyo hiyo, imeshakua: eti gari letu lilikamatwa na askari wa wanyama, eti Ngusa alipofuka macho njiani. Hapana. Nimeona nikae chini niandike yote, mpokezane. Asiyeelewa mwandiko wangu wa darasa la nne amuulize binti yangu Limi, naye alikuwepo.

Kilichonitoa nyumbani ni dada yangu Mbuke. Aliolewa zamani na Luhende, wakahama na ng'ombe wakaenda kukaa ng'ambo ya mto Sibiti, upande wa Mkalama. Luhende amekufa. Watoto wa tumbo lake Mbuke hawakukaa duniani, ila alimlea Jilala, mtoto wa mke mwenzake, tangu hajajua kutembea. Jumapili tumetoka kanisani, Jilala akapiga simu.

"Mama mdogo, malisho huku yamekwisha. Tunahamia kusini, Lindi. Lori la vyombo linakuja Jumamosi. Mama tunakwenda naye."

Nikaomba niongee na Mbuke. Akashika simu, akasema, "Wasalimie nyumbani." Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka kwenda?" Nikasikia jogoo wao anawika, simu ikakatika. Tangu hapo haikupatikana tena.

Lindi ni mbali, wenzangu. Mtu wa umri wetu akifuata ng'ombe mpaka huko, ndiyo hutamwona tena. Nilitaka nimfikie kabla ya lori nimuulize uso kwa uso: unakwenda kwa kutaka, au unakwenda kwa kukosa pa kubaki? Akisema ya pili, nirudi naye.

Kwa fundi Shija, Somanda

Gari ni la Ngusa, mume wa Limi. Ni pikapu nyeupe ya fowili, ya kabini mbili, anayobebea pamba. Na nyie mnafahamu kwetu mama mkwe na mkwilima wake hawazoeani. Hatukai pamoja, hatuli pamoja, na neno langu kwake linapitia kwa Limi hata kama ananisikia. Ngusa alipojua nitapanda gari lake, kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma alikigeuza kikaangalia dari, macho yetu yasije yakakutana humo. Yeye na Limi mbele, mimi nyuma na mablanketi.

Kwa kuwa njia ya Sibiti hatukuijua na giza lingeweza kutukuta, Ngusa alinunua taa ya ziada, ile ndefu yenye vijicho vingi vilivyopangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Alhamisi asubuhi tukaipeleka kwa Shija, fundi umeme wa magari hapa Somanda, mjini Bariadi, mtoto wa marehemu Gamaya.

Shija hakuifunga mara moja. Aliishika mkononi akaijaribisha mahali mahali. Akaiweka mbele kwenye ngao, lile bomba la chuma linalolinda uso wa gari. "Hapa pazuri, ila tuangalie isizibe upepo wa rejeta." Akaiweka mwisho wa boneti chini ya kioo. "Hapa itakuchoma macho." Akakanyaga tairi, akaipandisha juu ya paa, mbele ya keria. "Hapa inamwaga mbali, lakini ina maneno yake."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tairi bovu, natafuna karanga. Shija ana adabu, akanigeukia. "Na bibi unasemaje?"

"Mimi nitasema nini, mjukuu wangu? Hapo juu inapendeza. Hata mtu aliye mbali ataiona inakuja."

Basi. Nikarudi kwenye karanga zangu.

Nikamsikia Ngusa anasema, "Funga juu."

"Lakini kaka, na hilo boneti jeupe hivyo..."

"Shija, nimesema funga juu."

Nikajua ndivyo apendavyo.

Bariadi hadi Nkoma

Tulizunguka kupitia Nkoma kwa sababu ya Ng'walu, shangazi yake Ngusa, aliyesema hatuwezi kwenda kwa Mbuke mikono mitupu. Alituwekea mfuko wa michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa, kwa kuwa Mbuke alikuwa mlaji wa michembe tangu utotoni. Sisi tulitaka kuchukua mfuko na kuondoka. Ng'walu alikuwa ameshachinja kuku.

"Mtakula mkiwa mmesimama kama punda?" akauliza.

Hapo ndipo mkwe na mkwilima wanapochelewesha safari. Chakula kiligawanywa mara mbili. Mimi na Limi ndani, Ngusa nyuma ya nyumba na mzee Maduhu, mume wa Ng'walu. Sisi tulipomaliza, wao mchuzi ulikuwa haujawafikia. Ulipowafikia, Maduhu akaanza habari za bei ya pamba. Mimi nalitazama jua tu. Siwezi kutoka nje nikamwambia Ngusa twende, na Limi anaosha vyombo vya shangazi wa mumewe, hawezi kuviacha. Tukaondoka jua limeshalala upande, na mimi moyoni nasema, Mbuke, usipande lori.

Nkoma hadi Mwanhuzi

Giza lilipoingia Ngusa akawasha taa ile. Mimi nyuma nikaona weupe mtupu kule mbele, nikafurahi, nikasema kumbe ni nzuri. Ajabu ni kwamba badala ya kwenda mbio, gari likaanza kutambaa. Tunakwenda, tunasimama. Anaizima, anaiwasha. Vumbi la lori lililotutangulia likawa kama pazia limening'inizwa mbele yetu. Matawi ya mihale, ile miti ya miiba, yakaanza kupiga paa, kwa, kwa, kwa.

"Limi, mwambie mumeo Mbuke hatungojei sisi."

"Amesikia, mayu," akasema Limi, maana mama kwetu ni mayu. "Anasema anajitahidi."

Nikanuna. Nikajisemea, huyu anaona ni dada wa mkwe tu, angekuwa mama yake angeruka mashimo.

Mbele kidogo tukaona moto wa wachunga ng'ombe kando ya njia. Tulipokaribia moto ukamwagiwa mchanga, tukasikia ng'ombe wanaswagwa gizani, watu wanakimbia. Akabaki mmoja tu ambaye shuka lake lilinaswa kwenye miiba. Limi akateremsha kioo akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila! Mhola?"

Yule mtu akasimama, shuka bado liko mtini. "Nyie ni nani?"

"Ni Wasukuma kama wewe. Mbona mnakimbia?"

"Sasa mnakuja na taa ya doria juu ya paa, mnataka tukae tuwasubiri? Magari ya hifadhi ndiyo yana taa hapo juu. Tumesema leo ng'ombe wamekwisha!"

Jina lake Masunga. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akawaita wenzake, na wenzake wakatutukana kwa kupoteza maziwa waliyoyaacha motoni. Tukawapa michembe kidogo ya Mbuke kuwatuliza. Hapo ndipo Veronika alipopata habari zake za askari.

Kwa Kulwa, Mwanhuzi

Tuliingia Mwanhuzi watu wanakula chakula cha jioni. Ngusa akasimama kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa bado kazini kando ya barabara. Anaitwa Kulwa, pacha wake Doto anauza vipuri mlango wa pili. Nikawaona Ngusa na Kulwa wanaongea mbele ya gari, Kulwa anaonyesha paa, Ngusa anatikisa kichwa. Kulwa akaja dirishani kwangu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Nasikia wewe ndiye uliyepanga taa ikae juu."

"Mimi?"

"Mkweo kasema mayu alitaka juu, na juu itabaki. Sasa mwangalie macho, mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. Ule mwanga unashuka kwenye boneti nyeupe, unamrudia usoni. Haoni njia huyo, anaona boneti. Amekuja kuniomba nimpake rangi nyeusi boneti zima ili taa yako isihame."

Nikamgeukia binti yangu. "Limi! Wewe ulijua?"

"Nilijua anaumia macho. Nikadhani una sababu yako, mayu. Ulisema ionekane kwa mbali, nikasema labda mmeahidiana na mama mkubwa."

"Sababu gani? Nilikuwa natafuna karanga!"

Kulwa akacheka, Doto akatoka dukani kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Mimi sikucheka. Mtoto wa watu ameendesha kama kipofu tangu jua lizame ili asinipinge, na mimi nyuma nimemnunia kwamba hamjali Mbuke.

Nikasema, "Limi, mwambie mumeo ashuke, asogee kule kwenye vyuma. Nataka kukaa kwenye kiti chake nione."

Ngusa akasogea mbali kabisa. Nikapanda, nikashika usukani mpana kama ungo. Wakawasha. Jamani! Boneti liliwaka kama bati jipya la saa sita mchana. Miti niliambiwa ipo, sikuiona. Nikasema inatosha. Kulwa akafungua nati, akaishusha yeye na Doto wakaishikilia mwisho wa boneti, chini ya kioo. Hapo ilikuwa mbaya zaidi, nikafumba macho. Wakaishusha kwenye ngao. Njia ikafunguka. Nikaona mpaka mbuzi aliyefungwa mwisho wa mtaa, na kamba yake, na jinsi anavyotafuna.

"Basi tuifunge hapa?" akauliza Kulwa.

"Mimi sisemi hapa wala pale," nikamwambia. "Nikitamka tu, mkwe wangu ataifunga hata kwenye tairi. Limi, mwambie mumeo amri ya mayu ni moja: gari ni lake, macho ni yake, achague mwenyewe."

Sauti ya Ngusa ikatoka kule kwenye vyuma, polepole, "Limi, mwambie mayu... iwe kwenye ngao, isimame juu ya mdomo wa rejeta, upepo upite chini yake. Tangu Somanda nilitaka hapo."

"Mwambie nimesikia."

"Sasa kama wote mnasikiana," akasema Doto, "Limi wa nini?"

"Nyamaza wewe," Limi akamwambia, "ungekuwa na mkwe ungejua."

Doto hajaoa. Tukamcheka mpaka akarudi dukani.

Kulwa alipowasha mashine yake ya kuchomelea, umeme ukakatika mji mzima. Tukalala nyumba ya wageni ya Mama Nkwimba, na asubuhi umeme ukawa bado. Ulirudi jua likiwa kichwani, ndipo Kulwa akaifunga taa kwenye ngao. Ijumaa hiyo. Nilimwambia Mungu kwamba lori ni la Jumamosi, tafadhali liwe la Jumamosi.

Daraja la Sibiti

Njia ya kwenda mtoni ni nyeupe na ndefu, na Ngusa sasa alikwenda mwendo wa mtu aliyevuliwa mzigo. Darajani tukanunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja wa Kinyiramba, Zaituni. Mimi na Limi tukala ndani ya gari. Ngusa akachukua wake akaenda kukaa kwenye jiwe, mgongo kwetu, uso mtoni.

Zaituni akatutazama, akamtazama. Nikamwona anachukua samaki mwingine mkubwa, anampelekea. Akarudi kwetu amekasirika.

"Hata kama amekosa," akasema, "mwanamume anayewaendesha mnamnyima kivuli cha gari lake?"

Limi akajaribu kumweleza. Zaituni akasikiliza, akashangaa, akauliza, "Na wakati wa kuumwa je? Akikuletea dawa?"

Nikamwambia, "Ataileta. Ila ataiweka mlangoni."

Akatikisa kichwa. Samaki hakumdai. Ngusa alisema, kupitia Limi, kwamba mila yetu ina faida zake.

Kwenye boma la Jilala

Tulifika jua linagusa miti. Niliona kwanza boma la miiba, halafu nikaona kwamba limefunguliwa upande mmoja na hakuna ng'ombe. Nyumba hazina milango. Majivu ya jikoni yalikuwa bado na moto ndani. Nikazunguka naita, "Mbuke! Mbuke!" kama mtu anayeita mbwa.

Akatoka mzee jirani, Omari. Akasema lori limekuja leo, maana mwenye lori amepata mzigo mwingine wa kesho. Ng'ombe waliswagwa tangu juzi. Lori limeondoka jua likiwa pale, akaonyesha kwa mkono.

"Na dada yangu?"

"Bibi Mbuke alikaa kwenye kinu. Wakapakia vitanda, wakapakia kuku, yeye yuko kwenye kinu. Mpaka kinu chenyewe kikatakiwa kupakiwa ndipo akainuka."

Nikashika mlango wa gari. Omari akasema lori lilikuwa limejaa kupita kiasi, na njia waliyoshika mpaka barabara kubwa ni mchanga, halitakwenda kasi. Nikamgeukia Limi, sikuwahi hata kufungua mdomo. Ngusa alikuwa ameshawasha gari.

Wenzangu, mimi nimepanda magari tangu enzi za malori ya pamba, sijaendeshwa hivyo. Giza lilishuka na taa ikaimulika njia yote, nyayo za matairi ya lori zikaonekana mbele yetu kama zimechorwa. Hakuangalia pembeni. Mimi nilishika kiti cha Limi, nasali Baba Yetu bila kuimaliza, kila shimo linanirudisha mwanzo.

Tukalikuta. Gurudumu la nyuma lilikuwa limezama mchangani na watu wanachimba kwa kumulika na simu. Dereva wao akaziba macho, "Zima hiyo!" Ngusa akaligeuza gari pembeni, mwanga ukaangukia gurudumu, wakaacha kufoka wakaendelea kuchimba. Mbuke alikuwa amekaa chini kando ya njia, amejifunika kanga kichwani.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi mdogo wako."

Akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko. "Umekula?"

"Nimekula. Mbuke, nimekuja kukuuliza. Unakwenda kwa kutaka, au kwa kukosa pa kubaki?"

"Swali gani hilo mbele za watu?"

"Nijibu."

Akasema, "Nilikaa kwenye kinu. Nikasema, wakipakia kila kitu wakanisahau, nitakuwa nimebaki bila kumkatalia mtu. Jilala akanikumbuka. Ni mtoto mwema, hakusahau." Akavuta kanga. "Nilitaka asahau."

Jilala alikuwa amesimama nyuma yangu na sepetu mkononi. Amesikia yote.

"Mama mdogo, unamchukua mama njiani kama mzigo ulioanguka? Watu wetu watasema nini? Jilala alimtupa mama yake mchangani akafuata ng'ombe?"

Alikuwa na haki. Kwetu mtu hatolewi hivyo. Mzazi akiondoka kwa mtoto, anapikiwa, anashibishwa, anasindikizwa mbele ya mashahidi. Ni Mbuke aliyejibu.

"Basi nitoe vizuri. Nyumba huna, lakini chungu unacho. Nipikie."

Jilala akamtazama. Akatupa sepetu, akapanda juu ya lori mwenyewe kushusha chungu. Mkewe Kabula akawasha moto kando ya njia, na kwa mwanga wa ile taa ya Ngusa akasonga ugali, akamimina maziwa ya mgando. Dereva wa lori, mtu wa Singida anayeitwa Ramadhani, akaitwa awe shahidi pamoja na vibarua wake. Akasema hajawahi kukwama mahali penye karamu. Ngusa alikula nyuma ya gari lake. Sasa alikuwa na mama wakwe wawili wa kuwakwepa.

Tulipomaliza Jilala akasimama. "Nyote mmeona. Mama yangu ameshiba mkononi mwangu, na ninamkabidhi kwa ndugu yake. Hajafukuzwa. Ndama jike wa yule ng'ombe mwekundu ni wake. Akizaa, nitapiga simu, na maziwa yake nitayanywa kwa jina lake." Akapiga magoti mchangani, Mbuke akamtemea mate ya baraka kichwani, akamwambia aangalie miguu ya watoto huko kwenye nyasi ndefu. Kabula alilia. Wakateremsha kinu chake na kigoda chake. Ngusa akalivuta lori kwa mnyororo, likatoka, likaenda zake kusini.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mambo mengi. Tulipumzika kwa Omari mpaka kukapambazuka. Mbuke alimaliza michembe yote kabla ya Sibiti. Limi alilalamika kwamba sasa anapeleka maneno ya wawili, na tena tunabishana, Mbuke anataka dirisha lifungwe mimi nataka hewa. "Mwambie mkwilima afunge." "Mwambie afungue." Ngusa alilifunga nusu.

Sasa yuko hapa Somanda. Macho yake yana ukungu, tunakwenda naye hospitali wiki hii, na muuguzi amesema unatibika. Amezunguka shamba langu lote kwa kupapasa, amesema karanga nimezipanda zimebanana, na mtama wangu si wa mtu aliyelelewa na mama yetu. Tumegombana mara mbili. Usiku namsikia anakoroma upande wa pili wa ukuta, nalala.

Jilala alipiga simu jana kutoka Lindi, wamefika. Mbuke aliongea naye muda mrefu, akicheka.

Ndiyo hivyo yalivyokuwa. Njooni mumsalimu, lakini msije na nyuso za pole, na msimwandalie kiti. Yeye hakuja kututembelea. Mpeni jembe.